Miaka mitatu ya kuandaa mijadala ya maadili ya tiba

Nilijiunga na chama cha wanafunzi cha maadili ya tiba nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya udaktari, na baada ya muda mfupi nikachaguliwa kuwa katibu, nafasi niliyoishika kwa miaka mitatu. Kazi ya katibu katika chama cha namna hiyo haina makuu: kuomba ukumbi, kuandika mialiko, kubandika matangazo, kupanga viti, kuandika kumbukumbu na kurudisha funguo. Hata hivyo ndiyo kazi iliyonifungua macho kuhusu maadili kuliko somo lenyewe nililolifanyia mtihani, kwa sababu katika kupanga viti na kuandika mialiko ndimo tulimokuwa tukiamua, bila kujua kwamba tunaamua, nani asikilizwe na nani azungumziwe akiwa hayupo.

Shughuli ya kwanza niliyoiandaa ilikuwa mdahalo. Mada ilihusu iwapo daktari amsaidie kufa mgonjwa asiyetarajiwa kupona ambaye ameomba hivyo mwenyewe. Tulikuwa na wasemaji watatu wa kuunga mkono, watatu wa kupinga, kengele ya kumkatisha aliyepitiliza muda, kura kabla ya kuanza na kura baada ya kumaliza. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani, na sisi viongozi tulifurahi sana. Upande wa kuunga mkono ulishinda, na sina shaka kwamba ulishinda kwa sababu msemaji wake wa mwisho alijua kupandisha na kushusha sauti. Usiku ule, nikiandika kumbukumbu, niligundua kwamba nimejaza kurasa nne za hoja na majibu ya hoja, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja wa mtu aliyeuliza jambo kwa sababu hakulijua. Vilevile hakuna aliyesimama kutenganisha mambo matatu ambayo madaktari na sheria za nchi nyingi huyatenganisha: kuacha matibabu ambayo mgonjwa mwenye akili timamu ameyakataa, kumpa dawa ya maumivu kwa kipimo anachohitaji hata kama upo uwezekano wa kupunguza pumzi zake, na kumpa dawa kwa nia ya kukatisha uhai. Mdahalo unadai pande mbili, nasi tulikuwa na swali lenye pande tatu au zaidi, kwa hiyo tulilikata ili litoshe kwenye jukwaa tulilokuwa tumeshalipanga.

Mwaka uliofuata tukaachana na mdahalo, tukajaribu igizo dhima. Tulichagua kisa cha Seattle, Marekani, ambacho kila anayesoma maadili ya tiba hukutana nacho mapema. Kabla ya mwaka 1960 mashine ya kusafisha damu ilikuwapo tayari, lakini haikumfaa mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa, kwa kuwa kila mara alipounganishwa na mashine ilibidi ateri na vena zifunguliwe upya, na mishipa ya binadamu si mingi kiasi hicho. Mwaka huo Belding Scribner na wenzake wakatengeneza mrija wa Teflon uliokaa mkononi mwa mgonjwa muda wote, ukiunganishwa na mashine siku ya tiba na kufungwa baada yake. Ugonjwa ambao hadi jana yake ulikuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Clyde Shields, mgonjwa wa kwanza kuwekewa mrija huo, aliishi hadi mwaka 1971. Tatizo likahamia kwingine, kwa maana mashine zilikuwa chache na waliozihitaji walikuwa wengi. Kituo kilichofunguliwa mwaka 1962 kikaunda kamati ya watu saba ambao majina yao yalitiwa kapuni, na kazi yao ilikuwa kuchagua, miongoni mwa wale ambao madaktari walikwisha kuthibitisha kwamba tiba inawafaa, nani aunganishwe na mashine. Walikuwamo mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Walitazama umri, ndoa, idadi ya wategemezi, kipato, elimu, kazi na tabia. Dunia ililijua jambo hilo vizuri zaidi mwezi Novemba 1962, makala ya Shana Alexander ilipochapishwa katika jarida la Life.

Tulipanga meza nane, kila meza viti saba. Tuliwatunga wagonjwa watano, kila mmoja katika karatasi yake yenye mistari sita au saba, na kila meza ikapewa nafasi mbili za mashine na dakika 40 za kuamua. Naweza kusema bila kusita kwamba watu walifanya kazi ile kwa dhati. Kwenye meza niliyoisimamia mimi, mmoja alianza kwa kusema mwenye watoto wadogo apewe kwanza, mwingine akamuuliza kosa la asiyejaliwa watoto ni lipi, na wa tatu akapendekeza kura ya bahati nasibu, akakataliwa kwa hoja kwamba bahati haina huruma, ingawa ndivyo ilivyo pia kwamba bahati haina upendeleo. Muda ulipokwisha na majibu yakaandikwa ubaoni, tuliona jambo ambalo hatukulitarajia: karibu kila meza ilikuwa imempa nafasi mwanafunzi wa chuo. Tulikuwa tumechagua mtu anayefanana na sisi, kama ambavyo wakosoaji wa kamati ya Seattle walivyosema kwamba watu saba wa tabaka la kati walijikuta wakiwathamini watu wa tabaka la kati. Nililieleza hilo mbele ya ukumbi, watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, nikafunga kikao nikiamini kwamba tumejifunza yote yaliyokuwamo ndani ya kisa kile.

Nilikuwa nakusanya karatasi mezani ukumbi ulipobaki mtupu, akanijia dada mmoja wa mwaka wa kwanza wa famasia. Alikuwa ameshika karatasi ya mgonjwa namba nne, ambaye tulimwandika kuwa mwanamume wa miaka 31, hana mke, hana wategemezi, hana kazi ya kudumu. “Katibu,” akasema, “huyu kwenye meza yetu tulimwondoa kabla dakika moja haijaisha.” Kisha akanieleza kwamba kaka yake husafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, bila kuhesabu safari na uchovu unaofuata. Kazi aliiacha kwa sababu hakuna mwajiri aliyevumilia kumkosa siku tatu, na uchumba wake ulivunjika mwaka ule ule alioanza mashine. Hakuwa akilalamika, wala hakunyanyua sauti. Alitaka tu nijue kwamba mistari ile mitatu tuliyoiandika kama sifa za mtu ilikuwa, kwa kaka yake, dalili za ugonjwa.

Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia katika chama. Tulikuwa tumesoma kisa, tumeona upendeleo wa kamati, hata tumejikamata sisi wenyewe tukiwa na upendeleo ule ule, na bado hatukuona kwamba vigezo vyenyewe vilikuwa vimechafuliwa tangu mwanzo, kwa sababu maradhi sugu humnyang’anya mtu kazi, ndoa na akiba, halafu kamati inakuja kupima alichobakiwa nacho na kukiita thamani yake. Kwa kweli hatungeliona, maana viti vyote 56 vya ukumbi ule vilikuwa viti vya wanakamati. Nilivipanga mimi kwa mikono yangu.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, na ni langu. Tulikuwa na desturi ya jioni za visa, ambapo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho husimulia jambo lililomtatiza wodini, kisha wenzake wakalijadili. Mwanafunzi mmoja aliniletea muhtasari wa kisa chake wiki moja kabla. Alikuwa ameondoa jina, umri na namba ya jalada, akaacha kazi anayoifanya mgonjwa, ugonjwa wake ambao ni wa nadra, na wiki aliyolazwa. Niliusoma, nikauona umekamilika, nikaupitisha. Siku ya kikao, katikati ya maelezo, niliona msichana mmoja wa safu ya tatu akimgeukia mwenzake na kumnong’oneza. Alikuwa amemtambua mgonjwa. Kuondoa jina hakumfichi mtu ambaye mambo yake mengine yanapatikana kwake peke yake. Ukichukua taarifa tatu ambazo kila moja ni ya kawaida na kuziweka pamoja, huenda ikabaki sura ya mtu mmoja tu.

Mlezi wa chama, mhadhiri aliyekuwa mpole kwetu siku zote, safari hii hakuwa mpole, na alikuwa na haki. Tulibishana jioni tatu kuhusu iwapo mgonjwa aambiwe. Wapo waliosema kwamba kumwambia ni kumwongezea maumivu ambayo asingeyapata kama asingejua. Wengine, nikiwamo mimi, tukasema kwamba hoja hiyo ndiyo hutumiwa na kila anayeficha kosa lake la kitabibu. Mwishowe yule mwanafunzi alikwenda na daktari msimamizi wake wakamweleza. Nilitarajia kusikia kwamba mgonjwa amekasirika, au amesamehe. Alichofanya ni kuomba orodha ya waliohudhuria. Alitaka kujua ni akina nani wanajua, ili atakapokutana nao njiani asiwe yeye peke yake asiyejua. Nasi hatukuwa na orodha. Mimi, katibu, nilikuwa nimehesabu vichwa ili niandike kwenye ripoti kwamba mahudhurio ni mazuri, lakini majina sikuyaandika.

Baada ya hapo hatukupokea tena kisa cha wodini bila ridhaa ya maandishi ya mgonjwa mwenyewe, naye akishasomewa maneno yale yale yatakayosemwa ukumbini, tena na mtu asiyemtibu, ili asione kwamba akikataa atahudumiwa vibaya. Visa vilipungua sana. Wenzangu walisikitika, lakini mimi naona upungufu ule ulikuwa halali, kwa kuwa wingi wa mwanzo haukuwa wetu. Katika kipindi hicho ndipo nilipokisoma upya kisa cha Henrietta Lacks, ambaye seli za saratani ya shingo ya kizazi chake zilichukuliwa mwaka 1951 bila yeye kuelezwa, zikawa zile seli za HeLa zinazotumika katika maabara duniani kote. Kwa miaka mingi aliitwa Helen Lane katika maandishi, na jina hilo la bandia halikumlinda yeye wala watoto wake, ambao walikuja kujua habari za seli hizo zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Mwaka 2013 watafiti wakachapisha taarifa za jenomu ya seli hizo, yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyake, bila kuiuliza familia, taarifa ambazo zingeweza kusema mengi kuhusu miili ya wajukuu walio hai. Ziliondolewa baada ya malalamiko, na baadaye mwaka huo huo ukafikiwa utaratibu unaowapa wanafamilia sauti katika maombi ya kuzitumia. Kisa hicho nilikuwa nimekifundisha kwa wanachama wapya mara mbili kabla ya kosa letu. Nilikifundisha vizuri, na hakikunisaidia.

Mwaka wa tatu tuliomba kushirikiana na wanafunzi wa uuguzi, na sijui kwa nini tulichelewa hivyo. Mada ya kwanza ya pamoja ilikuwa utafiti wa Tuskegee, ambao idara ya afya ya umma ya Marekani iliuendesha Alabama kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 kwa wanaume weusi 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa “damu mbaya”, huku lengo likiwa kuangalia ugonjwa unavyokwenda usipotibiwa, na hata penisilini ilipokuwa tiba inayokubalika mwishoni mwa miaka ya 1940 hawakupewa. Sisi wa udaktari tulikuja na swali letu la kawaida, iliwezekanaje madaktari walioapa wakaendelea miaka 40, tena wakati Kanuni za Nuremberg, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi na zinazodai ridhaa ya hiari ya anayefanyiwa utafiti, zilikuwa zimetoka tangu mwaka 1947. Wauguzi walikuja na jina la Eunice Rivers, muuguzi mweusi aliyekuwa kiungo kati ya watafiti na wale wanaume kwa karibu muda wote wa utafiti, aliyewajua kwa majina, aliyewasafirisha kwa gari na kuwatembelea nyumbani. Swali lao lilikuwa: angemwambia nani?

Swali hilo liligeuza jioni nzima. Muuguzi mmoja mstaafu waliyemwalika alitusimulia siku aliyokataa kumchoma mgonjwa sindano iliyoandikwa kipimo mara kumi ya kinachostahili, jinsi daktari alivyomfokea mbele ya wodi, na jinsi yeye alivyosimama na bomba la sindano mkononi hadi mfamasia alipofika. “Wanangu,” akatuambia sisi wa udaktari, “siku hiyo mtakuwa nyinyi mnaofoka. Je, mtataka niwe nimesimama au niwe nimetii?” Hakuna aliyemjibu haraka, na mwenyekiti wetu, kwa busara ambayo hadi leo namsifu, hakuujaza ukimya ule kwa maneno. Nafikiri tulikaa kimya karibu dakika nzima. Kisha kijana mmoja wa mwaka wa nne akasema kwamba amewahi kumfokea muuguzi kwa jambo kama hilo, na muuguzi alikuwa sahihi. Katika mdahalo wetu wa kwanza maneno kama hayo yangekuwa pointi kwa upande wa pili.

Jioni hiyo pia iliniondolea imani niliyokuwa nayo juu ya kanuni nne tunazokaririshwa, zile ambazo Tom Beauchamp na James Childress wamezieneza tangu mwaka 1979: kuheshimu uhuru wa mgonjwa wa kujiamulia, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Sizidharau, kwani zinamsaidia mtu aliyepotea kujua aanzie wapi. Lakini nilikuwa nimeona jinsi wengi wetu tulivyozitumia kama droo: jambo likishaingizwa katika droo yake, tunafunga na kwenda kulala. Yule muuguzi hakutaja kanuni hata moja, na bado wasikilizaji walijua kwamba zote nne zilikuwa zimesimama pamoja naye pale wodini.

Ndipo nikamwandikia yule dada wa famasia, ambaye sasa alikuwa mwaka wa pili, kumuuliza kama kaka yake angependa kuja kuzungumza nasi. Niliandika barua hiyo mara nne. Niliogopa kwamba tunataka kurekebisha kosa letu kwa kumgeuza mtu mgonjwa kuwa onyesho, na hofu hiyo sikuificha katika barua. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, likiwa na masharti, na masharti yalikuwa mazuri kuliko utaratibu wowote tuliowahi kuutunga. Kikao kisiwe siku ya mashine wala jioni inayofuata. Asirekodiwe kwa sauti wala picha. Aambiwe mapema watakuwapo watu wangapi na wanasomea nini. Akae karibu na mlango. Asome kumbukumbu za kikao kabla hazijapelekwa popote, na awe na uhuru wa kufuta. Mimi nikaongeza moja, kwamba mahudhurio yaandikwe kwa majina, na kila anayeingia aelezwe sababu.

Walikuja watu 30 na kitu, robo ya wale wa mdahalo. Alizungumza kwa muda wa nusu saa, mara nyingi akitazama mikono yake. Alieleza namna ya kuhesabu maji anayokunywa kwa siku nzima, pamoja na yaliyo ndani ya mchuzi na matunda, kwa kuwa maji yasiyotoka hukaa kwenye mapafu. Alieleza mshipa wa mkono wake wa kushoto uliounganishwa kwa upasuaji, ambao ukiwekewa kidole unatetemeka, na kwamba mkono huo halali juu yake wala hapimwi presha kwa mkono huo. Alisema kwamba wauguzi wa kitengo anawajua kwa nyayo zao. Kuhusu kamati ya Seattle alikuwa amesoma, na hakuwa na hasira nayo kama tulivyodhani. Alisema angalau wale watu saba walikubali kuketi na kulibeba jambo, ilhali mahali pengi uchaguzi ule ule hufanywa na bei, na bei haikai kikao.

Mwanafunzi mmoja alimuuliza kama amewahi kufikiria kuacha mashine. Niliinuka kumzuia, kwa maana tulikubaliana maswali ya namna hiyo yasiulizwe, lakini yeye akanionyesha kwa mkono kwamba niketi, akajibu. Jibu lake lilichukua dakika kumi hivi, na wakati akilitoa dada yake alikuwa anatazama sakafu. Niliandika kila neno, kwa kuwa niliona kwamba hapo ndipo palipo na kila kitu tulichoshindwa kukipata katika mdahalo wetu wa kwanza.

Siku tatu baadaye nilimpelekea kumbukumbu. Alizirudisha zikiwa zimesahihishwa tahajia katika sehemu mbili, na aya ile ya dakika kumi ikiwa imepigwa mstari kutoka juu hadi chini, pembeni ameandika kwamba aliwaambia waliokuwapo, si walioandikiwa. Niliinakili ripoti upya bila aya hiyo, nikaichana karatasi ya kwanza mbele ya mwenyekiti, na kumbukumbu za jioni ile zikabaki kurasa tatu.